Mwalimu asisubiri matanga ili akumbukwe

Mwalimu wa shule ya msingi akifariki Butembo, habari hufika kwanza kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wake wa zamani. Wanaandika kutoka Beni, Goma na Kinshasa, wengine kutoka Kampala na Dubai, na wapo walioko Ulaya. Mmoja anakumbuka fimbo. Mwingine anakumbuka siku alipofukuzwa darasani kwa sababu ya minervali, na marehemu akamrudisha kwa mlango wa nyuma bila direkta kujua. Kabla ya jioni mchango umeanza: jeneza, viti vya matanga, chakula cha wanaokesha, tisheti zenye picha. Mara nyingine pesa zinazopatikana kwa siku mbili huzidi zile ambazo marehemu alizipokea kwa miezi mingi.

Kumzika mtu kwa heshima ni desturi nzuri, na iendelee. Ila kila jeneza linaposhushwa kaburini kuna swali ambalo wakaaji wa Butembo na Beni hulikwepa: huyu mwalimu alikuwa anaishi kwa nini?

Anayezungumziwa hapa si profesa wala mkaguzi wa elimu. Ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, yule anayepokea watoto wenye mashati meupe na nguo za bluu, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika kalamu. Kazi yake katika sehemu hii ya Kivu Kaskazini ina uzito ambao watu wa mbali hawauoni. Mtoto wa Butembo analia nyumbani kwa Kinande. Anacheza na wenzake barabarani kwa Kiswahili. Halafu anatakiwa afike mwisho wa shule ya msingi akijibu mtihani kwa Kifaransa. Anayemvusha kutoka lugha moja hadi nyingine ni mwalimu huyo, mara nyingi bila kitabu, kwa kulisema neno moja mara tatu: kwanza kama mama anavyolisema, kisha kama wanavyolisema sokoni, kisha kama litakavyoandikwa kwenye ubao. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike mwanzoni. Kwenye shule za vijijini walimu walikuwa wakifanya hivyo miaka mingi kabla ya sheria, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kueleweka.

Butembo inajivunia wafanyabiashara wake, na ina haki. Ni mji uliojengwa kwa jasho la wakaaji wenyewe, na serikali ilifika imechelewa au haikufika kabisa. Kontena zinatoka Dubai na Guangzhou, zinapita Kasindi, na mwenye mali anajua hesabu yake hadi senti ya mwisho. Hesabu hiyo aliianzia kwenye darasa la matofali ya udongo, akihesabu vijiti, mbele ya mtu ambaye leo anampita barabarani akiwa ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa.

Namna mwalimu alivyofika hapa alipo ina historia, na ni vizuri vijana waijue. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule za makanisa. Miaka mitatu baadaye, Februari 1977, ikazirudisha mikononi mwa makanisa kwa mkataba: makanisa yasimamie, serikali ilipe. Ndiyo maana hadi leo shule nyingi za Butembo na Beni ni za Wakatoliki au Waprotestanti huku mshahara ukitakiwa kutoka Kinshasa. Kisha ukaja mwanzo wa miaka ya 1990. Pesa ya Zaire ikapoteza thamani hadi mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata kumnunulia sabuni. Migomo ikawa mirefu, na mwaka mzima wa masomo ukawa hatarini kupotea. Maaskofu na kamati za wazazi wakakubaliana kwamba mzazi amchangie mwalimu kitu kidogo, wakati serikali inajipanga. Mchango huo ukaitwa prime, na ulitakiwa kuwa wa muda.

Uliendelea kwa zaidi ya miaka 25.

Hayo yanapaswa kukumbukwa kila mtu anaposema kwamba mwalimu anapenda pesa. Kizazi kizima cha watu wa Beni na Butembo, wakiwemo madaktari, mapadri, wanasheria na wabunge, kilisoma kwa sababu mama aliuza muhogo na baba aliuza kahawa, nao walimu wakakubali kufundisha kwa kile kilichopatikana. Mtoto ambaye wazazi wake walikosa, alirudishwa nyumbani. Na aliyetumwa kumtoa darasani, kila mwezi, alikuwa mwalimu yuleyule aliyempenda.

Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba masomo ya msingi katika shule za umma yawe bure, kama Katiba ya mwaka 2006 inavyosema katika kifungu cha 43. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na anayeupinga aende kwanza kuwauliza wasichana waliorudi darasani. Tatizo liko kwenye namna ulivyotekelezwa. Watoto waliongezeka, madawati hayakuongezeka, na prime ikaondoka kabla mshahara haujakaa sawa. Katika miji, walimu waliokuwa wakiishi kwa mchango wa wazazi walijikuta na pesa pungufu na watoto wengi zaidi. Na nyuma yao kuna kundi ambalo hata huo mshahara mdogo halijauona: walimu wanaoitwa NU, ambao wana barua ya kazi, wana darasa, wana daftari la maandalio linalokaguliwa, lakini majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo. Kuna wanaofundisha hivyo miaka na miaka.

Mwaka wa masomo ulipofunguliwa Septemba 2024, walimu katika mikoa kadhaa waligoma, Kivu ikiwemo, wakidai mshahara ufike dola 500 kwa mwezi. Wazazi walikasirika, jambo linaloeleweka, maana mtoto aliyekaa nyumbani mwezi mzima katika mkoa huu ana mahali pengi pabaya pa kwenda. Hata hivyo, wengi wa waliokasirika hawakuuliza kwa nini mtu aliyesomea kazi yake na kuifanya nusu ya maisha yake alazimike kuendesha pikipiki jioni au kulima shamba la mtu ili watoto wake nao wasome.

Tena, mwalimu wa hapa amefanya kazi ambayo hakuandikiwa kwenye barua yoyote. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewahamisha watu wa wilaya ya Beni mara nyingi kuliko anayeweza kuhesabu. Kwenye njia ya Mbau, Oicha na Eringeti, na upande wa Kamango, shule zimefungwa, zimechomwa, au zimekuwa makao ya wakimbizi. Mwalimu alikimbia kama wengine, akibeba watoto wake na godoro. Tofauti ni kwamba alipofika mjini alianza kuwatafuta wanafunzi wake mmoja baada ya mwingine katika familia zilizowapokea, akaomba chumba cha shule nyingine kwa saa za mchana, akaanza tena pale alipoishia. Malipo ya vijijini, ambayo mara nyingi hupitishwa kwa Caritas, humfuata kwa shida mtu aliyehama, kwa kuwa orodha inalitaja jina lake chini ya shule ambayo haifanyi kazi tena.

Kisha ikaja Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, na mwezi mmoja baadaye shule zilifunguliwa. Kwenye mlango wa shule paliwekwa ndoo ya maji yenye dawa na kipimo cha joto, na aliyesimama hapo kila asubuhi alikuwa mwalimu. Wakati ule watu wengi hawakuamini kwamba ugonjwa upo. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na Aprili mwaka huohuo daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo akiwa kazini. Katika hali hiyo ya kutoaminiana, mtoto alirudi nyumbani akasema, «mwalimu amesema tunawe mikono, tusiguse maiti», na neno hilo likasikilizwa mahali ambapo gari la riposti lingepigwa mawe. Ugonjwa uliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Hakuna anayeweza kusema ni wangapi waliokolewa na ndoo ile. Kinachojulikana ni kwamba dereva wa riposti aliweza kupata kwa siku chache kile ambacho mwalimu alikipata kwa mwezi.

Siku zilezile, Machi 2019, Mkenya Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alipewa Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye thamani ya dola milioni moja. Alijulikana kwa kuwapa maskini sehemu kubwa ya mshahara wake. Sifa zake ni za kweli. Ila katika Kivu Kaskazini kuna walimu wengi wanaoutoa mshahara wao wote kwa namna nyingine: hawaupokei, na wanaendelea kufundisha.

Butembo inajua kukumbuka watu wake wakubwa. Mgr Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, hajasahaulika. Alihimiza watu wajitengenezee barabara na shule bila kusubiri Kinshasa, na kwa juhudi zake Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilizaliwa mwaka 1989. Mwaka 2000, akiwa askofu mkuu wa Bukavu, uongozi wa waasi ulimzuia kurudi jimboni kwake kwa miezi saba, akazuiwa Butembo, na Oktoba mwaka huo akafariki. Kumkumbuka ni deni. Lakini mwanafunzi wa kwanza aliyeingia Graben mwaka 1989 hakuanzia Graben. Kabla ya hapo kulikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza, na jina la huyo halimo kwenye jiwe lolote.

Mwandishi Albert Camus, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1957, alimwandikia barua mwalimu wake wa shule ya msingi ya Alger, Louis Germain, kumshukuru. Hotuba za tuzo hiyo pia alizitoa kwa heshima yake. Mzee huyo alikuwa bado hai, akaisoma barua kwa macho yake.

Hapa kila tarehe 30 Aprili, siku ya elimu nchini, na tarehe 5 Oktoba, siku ya walimu duniani, hotuba hutolewa. Serikali ya mkoa, ambayo kwa sasa inafanyia kazi Beni baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, iko karibu na shule hizi kuliko ilivyowahi kuwa. Inaweza kuipeleka Kinshasa orodha kamili ya walimu wa NU wa Beni, Butembo na Lubero, na kuitangaza hadharani ili kila mtu aone ni nani yumo na tangu lini. Inaweza kuagiza kwamba mwalimu aliyekimbia vita alipwe mahali alipo. Inaweza pia kuwataja wazee waliopita umri wa kustaafu lakini bado wanasimama mbele ya ubao, macho yakiwa hayaoni vizuri, kwa sababu wakiondoka bila malipo ya kustaafu watakufa njaa.

Wanafunzi wa zamani nao wana kazi isiyohitaji waziri. Kundi la WhatsApp lililokusanya pesa za jeneza lisifungwe wiki moja baada ya mazishi, kama inavyokuwa kawaida. Wenzake marehemu bado wako kwenye shule ileile, wengine ni wagonjwa, na namba zao za simu direkta anazo.