Kabla ya Kuformati, Pima Kwanza

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi. Samahani. Kazi za watu zilinibana, na nilipopata nafasi ya kupumua, simu zikaanza. Kama ulisomea kompyuta, unazijua simu hizo. "Hallo, si wewe ulisomea mambo ya kompyuta? Laptopu yangu imekuwa polepole sana, hebu nipitie Jumamosi." Miaka minne chuo kikuu nikisoma sayansi ya kompyuta, nikikesha na algoriti na hesabu zisizoisha, lakini kwa jamaa zangu mimi ni fundi wa laptopu, printa na (usicheke) rimoti ya televisheni. Sawa, nimekubali.

Kabla sijaendelea: walimu wetu wa Kiswahili walitufundisha kusema kipakatalishi. Nenda Luthuli Avenue uulize bei ya kipakatalishi uone utakavyotazamwa. Leo nitasema laptopu, wanisamehe.

Haya basi. Leo nimekuja kulalamika, na ninalalamikia neno moja tu: kuformati.

Jumamosi iliyopita binti wa jirani alikuja na laptopu yake kwapani. Yuko mwaka wa nne, anasomea uuguzi, na ripoti yake ya utafiti ilikuwa imebakiza siku kumi na moja kuwasilishwa. "Kaka, fundi amesema ni virusi, iformatiwe." Fundi mwenyewe alikuwa ameiwasha, akangoja, akachoka, akatoa hukumu. Hakufungua hata dirisha moja la kupima kitu. Nikamuuliza, ripoti umeihifadhi wapi pengine? Akanyamaza. Iko hapo kwa laptopu. Hapo tu.

Kuformati ni Panadol ya mafundi wetu. Kichwa kinauma, Panadol. Malaria, Panadol. Mguu umevunjika, Panadol. Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi mteja huondoka ametabasamu, kwa sababu Windows ikishawekwa upya, zile programu ishirini zilizokuwa zinajiwasha zenyewe asubuhi zimefutika, na mashine inakimbia kidogo. Baada ya wiki tatu mteja amezirudisha zote, na ugonjwa umerudi nazo. Sikatai, kuna siku kuformati ndiyo dawa, kwa mfano virusi vikishaharibu mfumo wenyewe. Lakini iwe dawa ya mwisho.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu na mimi nilikuwa fundi wa namna hiyo. Mwaka 2017, nikiwa mwaka wa pili na kiburi chote cha mwaka wa pili, shangazi yangu alinipa laptopu yake niiangalie. Ilikuwa na Windows 7, diski ya GB 320, na ilichukua muda wa kupika chai hadi iwe tayari kutumika. Shangazi ni mwalimu, na pia ndiye mweka hazina wa chama chao. Nilimuuliza, "Shangazi, vitu vyako viko kwa flashi?" Akasema ndiyo, mwanangu, viko. Sikufungua flashi kuangalia. Nilifuta diski nzima, nikaweka Windows upya, nikala wali na kuku, nikarudi chuoni nikijiona shujaa.

Kwenye flashi kulikuwa na mitihani ya Darasa la Saba. Hesabu za chama za miaka sita hazikuwemo. Picha za mumewe, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, hazikuwemo.

Nilijaribu kila programu ya kurudisha faili niliyoijua. Nilipata vipande vya picha, nusu ya uso hapa, rangi ya kijivu pale. Halafu, kama nyongeza ya aibu, mwezi haukuisha kabla laptopu haijawa polepole tena, na baadaye ikakataa kuwaka kabisa. Diski ilikuwa inakufa tangu mwanzo. Ndiyo maana ilikuwa polepole! Mimi nilitibu kisichougua, nikapoteza kilichokuwa kizima. Hesabu za chama akina mama waliziandika upya kutoka kwenye madaftari. Picha hazina daftari.

Sasa turudi kwa binti wa jirani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchomeka diski ya nje na kunakili nyaraka zake zote, polepole hivyo hivyo. Ilichukua saa moja na nusu. Nilifungua ile ripoti kwenye mashine yangu nikahakikisha inafunguka hadi ukurasa wa mwisho, ndipo nikaanza kazi.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda sehemu ya utendaji na utaona vitu vinavyogombana: kichakataji, kumbukumbu (RAM) na diski. Iache mashine ifanye kile kinachokuudhi, kisha utazame ni kipi kimejaa. Hilo tu. Kati ya hivyo, kimoja huwa kimekaba wengine koo, na hicho ndicho unachotibu. Kununua RAM wakati diski ndiyo inayokwama ni sawa na kubadilisha tairi za matatu ambayo injini imezima.

Kwake, kichakataji kilikuwa asilimia 7. Yaani kimelala! RAM ilikuwa GB 3.1 kati ya 4. Diski ilikuwa asilimia 100, dakika baada ya dakika, lakini inasoma megabaiti moja na kitu kwa sekunde. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Diski inayoshughulika kwa asilimia 100 huku ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde inafanya kazi. Inayoshughulika kwa asilimia 100 na kutoa megabaiti moja inahangaika.

Fikiria masijala ya ardhi. Kichakataji ni karani mwenye mikono mepesi ajabu. RAM ni meza yake. Diski ni ile stoo ya mafaili kule nyuma. Karani anaweza kusoma faili kwa kufumba na kufumbua, lakini kama faili iko stoo, lazima mtu aende kuileta. Diski ya kawaida ya laptopu, ile yenye sahani inayozunguka, huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kwa wastani unangoja nusu ya mzunguko, kisha ongeza muda wa mkono wa diski kusogea, na kila safari ya stoo inakula kama milisekunde 15. Hesabu mwenyewe: hizo ni safari sitini na kitu kwa sekunde. Na Windows ikiwaka inataka maelfu ya vifaili vidogo vidogo vilivyotawanyika kote. SSD haina sahani wala mkono. Safari yake ni sehemu ndogo ya milisekunde moja, na kwa sekunde inaweza kwenda makumi ya maelfu ya safari. Ndiyo maana nasema, kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka, acha kuniuliza kuhusu antivirusi ipi ni bora. Nunua SSD. Ile ya GB 256 inamtosha mwanafunzi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya laptopu nyingine.

Na meza ikiwa ndogo? Karani anaanza kurudisha mafaili stoo ili apate nafasi ya kufungua mengine, kisha anayahitaji tena. Ndiyo hali ya GB 4 za RAM na vichupo thelathini vya kivinjari. Hapo sasa RAM itasaidia. Task Manager hiyo hiyo itakuonyesha nafasi za RAM zilizotumika, moja kati ya mbili kwa mfano, kabla hujaenda mjini kununua kitu ambacho hakina pa kuwekwa.

Kuna jingine ambalo mafundi wengi hawaliangalii: afya ya diski. Kila diski huweka kumbukumbu ya matatizo yake, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakusomea. Ya huyu binti ilitoka rangi ya manjano. Kulikuwa na sehemu za diski zisizosomeka, zikingoja kuhamishwa. Nilinyamaza kidogo nilipoiona. Yule fundi angeformati, angeandika Windows mpya juu ya diski inayooza, angelipwa, na kabla ya siku ya kuwasilisha ingekuwa yale yale ya shangazi.

Mengine nitayapita haraka. Joto: kichakataji kikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi chenyewe kisiungue, kwa hiyo kama mashine ni nyepesi asubuhi na nzito baada ya saa moja huku feni ikilia kama ndege ya kunyunyizia dawa, ni vumbi, fungua, safisha, weka krimu mpya ya kupitisha joto. Chaja: kuna aina za laptopu ambazo zikichomekwa chaja zisiyoitambua hushusha kasi makusudi. Nimewahi kutafuta kosa siku nzima kumbe ni chaja ya bei rahisi! Antivirusi mbili kwenye mashine moja: chagua moja. Na zile programu za "kusafisha" kompyuta kwa kubonyeza mara moja, futa. Nyingi hazisafishi chochote, zinajiongeza tu kwenye orodha ya vinavyojiwasha asubuhi.

Sasa niwageukie wenzangu, wasanidi programu, maana si haki kuwalaumu mafundi peke yao. Windows XP ya mwaka 2001 iliomba angalau MB 64 za RAM. Windows 11 ya mwaka 2021 inaomba GB 4, na hiyo ni ya kuwaka tu. Tumepata nini kwa ongezeko hilo la mara 64? Usalama zaidi, skrini nzuri zaidi, nakubali. Lakini pia tumepata programu za kutumiana ujumbe ambazo kila moja inabeba kivinjari kizima ndani yake, kwa sababu sisi tuliona ni rahisi kuandika hivyo. Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamika kuhusu jambo hili tangu 1995, kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa mwendo unaoshinda ule wa mashine kuongeza kasi. Tulimsoma chuoni, tukamjibu kwenye mtihani, tukasahau.

Mimi mwenyewe naandika programu kwenye mashine ya GB 32. Kila kitu kwangu ni chepesi. Mwaka jana niliifungua kazi yangu kwa mara ya kwanza kwenye laptopu ya GB 4 ya mteja, tukakaa kimya wawili tukitazama duara likizunguka kwa sekunde arobaini. Mteja akasema kwa upole, "Labda ni mtandao." Haukuwa mtandao. Siku hizi nina laptopu kuukuu chini ya meza, na hakuna ninachokabidhi kabla hakijapita hapo.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kama kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Laptopu ya binti wa jirani ni ya mtumba, kizazi cha sita. Keki nzima ya vifaa bado nzima: skrini, kibodi, kichakataji kinacholala kwa asilimia 7. Kwa mujibu wa karatasi, ni takataka. Kwa mujibu wa mama yake, ambaye aliilipa kwa awamu, si takataka.

Tulinunua SSD. Nikamweleza habari za Linux Mint, akasita, akauliza kama ripoti ya Word itafunguka. Tukaijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, ikafunguka, jedwali moja tu likasogea. Akakubali. Kwa hiyo ndiyo, niliweka mfumo upya, lakini kwenye diski mpya. Ile ya zamani niliitoa bila kuifuta, nikaifunga kwenye bahasha na kumrudishia. Zamani, kutoka kubonyeza kitufe hadi kuandika ilikuwa dakika nne na sekunde kumi. Sasa ni sekunde ishirini na nne. RAM ni ile ile GB 4.

Shangazi naye alinipigia Jumatatu. Laptopu yake ya sasa imeanza uzito. Nikamwambia nitapita Jumapili baada ya kanisa.

"Karibu," akasema. "Lakini vitu vyangu nitavinakili mwenyewe kabla hujafika. Na ile flashi yako ya Windows uiache Nairobi."