Studio ziache kujificha kwenye majina ya zamani

Mashabiki wa Doctor Who wamezoea kuandika "NuWho", na wa Star Trek "NuTrek". Wanajua vyema tahajia sahihi ya neno la Kiingereza "new", yaani mpya, na wameamua kuipinda. Wapo wanaoiita tabia hii utoto, wanakosea. Mashabiki wanafanya kazi ya kutenganisha cha kale na kipya, kazi ambayo wenye mali wameikwepa.

Rekodi iko wazi. BBC ilianza kurusha Doctor Who mwaka 1963, ikaisimamisha 1989, ikairejesha 2005 na kuanza kuhesabu misimu upya. Mwaka 2024, ikiwa katika ubia na Disney, hesabu ikarudishwa tena kwenye moja. Leo anayetaja "msimu wa kwanza" huenda anauzungumzia ule wa mwigizaji William Hartnell, wa Christopher Eccleston au wa Ncuti Gatwa. Halloween imevurugwa zaidi: zipo filamu tatu za jina hilohilo, za 1978, 2007 na 2018, na hiyo ya tatu ni mwendelezo wa ya kwanza. Mwendelezo umepewa jina lilelile la filamu unayoiendeleza, na hakuna aliyewajibika kueleza kwa nini.

Sababu ni fedha. Jina kongwe huanza kuuza tiketi kabla kamera haijawashwa. Studio huchukua imani iliyojengwa na waandishi na waigizaji wa awali, zikaibandika kwenye kazi yenye hadithi na mwelekeo mwingine, na shabiki akihoji huambiwa hapendi mabadiliko. Asiyesikilizwa ameamua kulinyima jina hilo herufi zake.

Uamuzi huo umewahi kuthibitishwa na mwenye mali mwenyewe. Katika Godzilla ya TriStar ya mwaka 1998, mnyama ambaye tangu 1954 hakutishwa na mizinga alionekana akiyakimbia makombora, na mwisho akauawa nayo akiwa amenaswa kwenye nyaya za daraja la Brooklyn. Mashabiki walikataa kumtambua. Toho, kampuni ya Japani inayomiliki jina hilo, ikafuata mkondo huohuo: katika Godzilla: Final Wars ya 2004 ilimwita Zilla, ikamvua herufi tatu za mwanzo ambazo kwa Kiingereza ni Mungu, na kumwacha achapwe na Godzilla wa Japani mjini Sydney. Hivyo ndivyo mmiliki anavyowajibika kwa jina lake.

Mashabiki nao wana mpaka wao. Kuipachika filamu jina la dhihaka ni uhakiki. Kumwandama mwigizaji ni unyanyasaji. Mwaka 2016 Leslie Jones wa Ghostbusters alimiminiwa matusi ya kibaguzi hadi akajiondoa Twitter kwa muda. Jina Ghostbusters, la filamu ya 1984, lilirudiwa na studio, si naye. Walioshiriki uovu ule hawakuwa wakitetea sanaa yoyote, na mashabiki wenzao walipaswa kuwakana hadharani.

Studio zina la kufanya, tena mapema. Kazi inayofufuliwa iwe na jina linaloitofautisha tangu kwenye bango, na mwaka wake uandikwe popote inapouzwa. Wasemaji wao waache kuwakebehi watazamaji wanaouliza wanalipia nini. BBC nayo ichague hesabu moja ya misimu na kuishika. Ubia wake na Disney umekwisha; haina tena wa kumsubiri.