Hapana, watu si wa aina nne

Kwenye semina za wanandoa kuna karatasi ambayo haikosekani. Ina safu nne za maneno: mchangamfu, mbishi, mpole, mwenye kinyongo, na kadhalika. Unaweka tiki, unajumlisha, kisha mwalimu wa semina anakutangazia kwamba wewe ni koleriki na mwenzako ni flegmatiki, ndiyo maana hamuelewani kuhusu pesa. Watu wanacheka, wanapigana viwiko, wanarudi nyumbani wameridhika. Mwezi unaofuata mmoja wao anamwita shemeji yake narsisisti, na jirani aliyeacha kuoga anaambiwa ana jini. Madai haya hutoka midomo tofauti, lakini yote humfunga mtu mzima kwenye neno moja, na baada ya hapo hakuna anayemuuliza swali. Nayajibu moja baada ya jingine.

"Watu wote ni wa aina nne: sanguini, koleriki, melankoli na flegmatiki." Huu ni utabibu wa kale uliovaa suti. Wagiriki waliamini mwili unaendeshwa na maji manne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, aliyaunganisha na tabia za watu. Waarabu waliyapokea, tabibu Ibn Sina akayaandika, na Pwani yetu ikayapata kwa njia hiyo. Mzee anayekukataza chakula cha baridi kwa sababu ya balghamu, yaani kohozi, anatoka kwenye shule hiyo hiyo. Makanisani yaliingia kwa mlango mwingine: mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, aliyafufua kwenye kitabu chake cha mwaka 1966, na wahubiri wakayasambaza. Tabibu wa leo akikuambia homa yako imetokana na nyongo nyeusi utabadilisha hospitali. Kwa nini ndoa yako ipimwe kwa nyongo hiyo?

Atakayejibu kwamba majina ni ya zamani lakini aina zenyewe zipo, nampa takwimu. Watafiti wanapowapima maelfu ya watu kwa uchangamfu, hawapati makundi mawili yenye pengo katikati. Wanapata kile wanachokipata kwenye urefu: wachache warefu sana, wachache wafupi sana, na umati mkubwa hapo kati. Mwanasaikolojia Hans Eysenck aliyachukua majina hayo manne karne iliyopita akaonyesha kwamba yanaweza kuelezwa kwa vipimo viwili tu, uchangamfu na wepesi wa kufadhaika, na kila mtu yupo mahali fulani kwenye kila kipimo. Kabla yake, mwaka 1936, wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walikuwa wamechambua kamusi ya Kiingereza na kutoa karibu maneno 18,000 yanayoweza kumweleza mtu. Kazi ya kuyapanga maneno hayo iliendelea kwa miongo, ikazaa vipimo vitano vinavyofundishwa leo mwaka wa kwanza wa saikolojia: uchangamfu, ukunjufu, uwajibikaji, wepesi wa kufadhaika na kupenda mambo mapya. Navyo si amri za Musa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 miongoni mwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, ulishindwa kuviona vitano hivyo vikijitokeza kama ilivyotarajiwa. Kwa hiyo mwenye kukuuzia aina nne kwa uhakika wa asilimia mia, muulize amezipima wapi.

"Lakini karatasi ilinisema mimi kabisa!" Mwaka 1949 mwanasaikolojia Bertram Forer alichapisha matokeo ya mchezo aliowachezea wanafunzi wake 39. Aliwapa mtihani wa hulka, na baada ya siku chache akampa kila mmoja maelezo yake "binafsi". Wakaombwa kuyapa alama kuanzia 0 hadi 5 kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja, yenye sentensi alizookota kwenye kitabu cha nyota cha mitaani: unapenda watu wakukubali, unajikosoa sana, nje unaonekana umetulia lakini ndani una wasiwasi. Nani hana wasiwasi ndani? Karatasi ya semina imejaa sentensi za namna hiyo.

(Wale wa "damu yako ni O, kwa hiyo wewe ni kiongozi" wasinipotezee muda. Kundi la damu linamhusu atakayekuongezea damu.)

"Mume wangu ni narsisisti, nimeona dalili zote saba." Hapa tumevuka kutoka hulka kwenda kwenye ugonjwa, na mpaka huo hauvukwi kwa video ya dakika moja. Daktari hatafuti mtu mwenye majivuno. Majivuno yapo kwa wengi wetu. Anaangalia kama namna mtu anavyojiona na anavyoishi na wengine imeharibika kwa miaka, kazini, nyumbani na kwa marafiki, kiasi cha kumuumiza yeye au walio karibu naye. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, umeachana na orodha ya aina za matatizo ya haiba. Sasa daktari anauliza kwanza tatizo ni kali kiasi gani: dogo, la kati au kubwa. Madaktari wanatoka kwenye visanduku, sisi ndio kwanza tunavihamia. Na mama, kama mumeo anakupiga au anakunyang'anya mshahara, huhitaji jina la ugonjwa wake ndipo uondoke.

"Sonona ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika ana shida, hana sonona." Dai hili linatajwa kama hekima ya mababu, wakati aliyelipa cheti ni daktari wa kikoloni. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, na alipokabidhiwa hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai sonona ni adimu kwa Waafrika, na akaulinganisha ubongo wa Mwafrika mzima na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikapata kwake kijitabu cha kueleza Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia, jambo lililoiondolea mzigo wa kuzungumzia ardhi.

Tazama alivyohesabu. Alitegemea sana watu waliofikishwa kwenye wodi zake, na Mathari ya wakati ule alifikishwa aliyevunja vitu sokoni au kumpiga askari. Mwanamke aliyenyamaza kijijini, asiyelala, asiyekula, anayetamani asiamke, nani angempandisha gari la polisi? Daktari hakumwona, akaandika kwamba hayupo. Madaktari wa akili Thomas Adeoye Lambo na Alexander Leighton walipokwenda kuwauliza watu majumbani mwao katika nchi ya Wayoruba, Nigeria, waliikuta sonona imejaa tele. John Orley na John Wing, katika utafiti wao wa mwaka 1979, waliikuta kwa wanawake wa vijiji viwili vya Uganda kwa kiwango kikubwa kuliko kwa wanawake wa London.

Hadi leo tunampita mwanamke yule aliyenyamaza. Anafika zahanati akisema kichwa kinauma, mwili unawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna. Anapimwa malaria, halafu taifodi, halafu UTI, anapewa dawa za zote tatu. Wiki ya pili amerudi na malalamiko yale yale. Hakuna aliyemuuliza mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini. Wala tiba si lazima iwe ya gharama: Zimbabwe, bibi wa mtaani waliofundishwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kushika tatizo moja hadi litatulike. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi na kubaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 kati ya kila 100, dhidi ya 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida.

"Hayo ni majini, hospitali hawayawezi." Sina haja ya kugombana na imani ya mtu. Nagombana na foleni. Kijana ameanza kusikia sauti Januari. Anapelekwa kwa mganga, kisha kwenye maombi, kisha kwa mganga mwingine wa mkoa wa mbali, na anapofika hospitali ya akili ya Mirembe miaka miwili imekwisha, shamba limeuzwa, mkono una kovu la kamba. Kadiri matibabu yanavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Mtu anaweza kuombewa akiwa anachoma sindano yake ya kila mwezi. Ghana wamelijaribu hilo katika kambi ya maombi: wagonjwa walioongezewa dawa juu ya maombi walipata nafuu kubwa kuliko walioachiwa maombi peke yake. Minyororo wanayofungwa wagonjwa kambini humo, kwa bahati mbaya, haikupungua. Hiyo haitibiwi kwa kidonge. Lambo naye, huko Aro, Nigeria, kuanzia mwaka 1954, aliwaweka wagonjwa kwenye vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, na waganga wa kienyeji akawakaribisha mezani.

"Wagonjwa wa akili ni hatari." Wengi wao hawajamgusa mtu. Wao ndio wanaopigwa mawe, wanaobakwa vituo vya mabasi, wanaochomewa vibanda. Takwimu za nchi nyingi zinasema hivyo hivyo: mgonjwa ana uwezekano mkubwa wa kutendewa ukatili kuliko kuutenda.

La mwisho ndilo linaloua: "Anayetangaza kujiua hajiui, na ukimuuliza utampa wazo." Yote mawili ni uongo. Wengi wanaojiua walikwishasema, kwa maneno ya wazi au ya kuzunguka: mtanikumbuka, nimechoka, watunzieni wanangu. Na tafiti zimeangalia tena na tena kama kuuliza kunapanda wazo, hakupandi. Sheria zetu zimesaidia kuziba midomo, kwa kuwa anayeogopa kushtakiwa hasemi. Ndiyo maana uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kenya wa Januari 2025, kwamba kifungu cha kuadhibu jaribio la kujiua kinapingana na Katiba, ni wa kupongezwa. Kwako msomaji: ndugu au rafiki akianza kuaga aga, kaa naye, mwite kwa jina, muulize bila kuzunguka kama anafikiria kujiua. Akisema ndiyo, usimhubirie na usimwache peke yake. Nenda naye hospitali siku hiyo hiyo. Na kama anayefikiria hivyo ni wewe, mwambie mtu mmoja leo.