Kadi ya Marekani Ina Cheti, Kahawa ya Cucu Haina

Mwaka juzi nililipwa dola 12 kuandika maneno 1,500 kuhusu kitu ambacho sijawahi kukishika. Mteja alikuwa Marekani. Mimi nilikuwa chumbani Nyeri mjini, Novemba, mvua inapiga mabati, nikiomba stima isipotee kabla sijatuma kazi. Nilitakiwa kulinganisha kampuni zinazopima ubora wa kadi za wachezaji, kisha nimshauri msomaji apeleke yake wapi.

Kama huzijui, hizo kadi ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji. Mwenye kadi huituma kwa kampuni, wakaguzi wanaiangalia, wanaipa alama hadi 10, halafu wanaifungia ndani ya plastiki pamoja na nambari yake. PSA ilianza kazi hiyo mwaka wa 1991. Beckett hujulikana kwa kutoa alama nne ndogo kando ya ile kubwa: picha imekaa katikati kiasi gani, pembe zikoje, kingo zikoje, uso ukoje. SGC ndiyo iliyoipa 9.5 kadi ya Mickey Mantle ya mwaka wa 1952, ile iliyouzwa dola milioni 12.6 mwezi wa Agosti 2022. Mwaka wa 2024 wenye PSA wakainunua SGC, kwa hivyo ukilinganisha hizo mbili unalinganisha mifuko ya suruali moja. Hilo mteja aliniambia nilitoe.

Asubuhi nilipanda matatu ya Karatina kwenda kumsaidia cucu kuchuma kahawa. Yeye huniita mume wake, manake nilirithi jina la babu, na ni babu aliyepanda ile miti ya SL28. Tukachuma hadi saa nane, tukabeba hadi kiwandani, tukamwaga kwenye gunia na kuchambua: nyekundu huku, mbichi na kavu kule. Karani akapima, akaandika risiti. Risiti ilikuwa na tarehe, jina na kilo. Basi.

Njiani kurudi nikamweleza zile kadi. Alicheka sana, ati karatasi ya mtoto inapimwa pembe! Kisha akauliza, "Na kahawa yetu ilipata ngapi?"

Sikuwa na jibu. Amepeleka kahawa pale tangu baba yangu akiwa mtoto na yeye pia hana.

Usidhani kahawa ya Nyeri haipimwi. Inapimwa kuliko hata hizo kadi. Ikishakobolewa hupitishwa kwenye chekeche: punje kubwa zinaenda AA, zinazofuata AB, zile za mviringo zinazokaa peke yake ndani ya tunda ni PB, halafu kuna C, E, T na TT. Iliyokauka na ganda lake inaitwa mbuni, nayo ina gredi zake, MH na ML. Baada ya hapo waonjaji wanaikaanga, wanaionja kwa kijiko na kuipa daraja la kikombe. Inaingia mnada wa Nairobi ikiwa na nambari yake, na kila gredi inapata bei yake. Mnunuzi wa Ulaya ataionja tena kwa alama 100, ambapo 80 kwenda juu ndiyo kahawa maalum. Yaani kabla kikombe kimoja hakijanywewa, watu watatu au wanne wameshaiandikia kahawa ya cucu ripoti.

Ripoti hiyo inasomwa na kila mtu isipokuwa aliyeilima. Yeye hulipwa bei moja kwa kila kilo ya matunda, nzuri na mbaya zikiwa zimechanganywa. Mwaka niliotoka chuoni, kiwanda cha ng'ambo ya mto kililipa shilingi nyingi kuliko chetu. Mvua ni moja na udongo ni uleule. Cucu aliuliza kwa nini, akaambiwa "ni soko." Karo yangu ya mwaka wa pili ilikuwa ndani ya hiyo tofauti. Siwezi kusema nani aliiba, au kama kuna aliyeiba. Labda matunda yetu yalikuwa mabaya kweli, labda yalikaa usiku mzima kabla ya kumenywa. Ubaya ni kwamba hatuna karatasi ya kutuambia.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: kahawa ya wakulima mia kadhaa inachanganywa, huwezi kumpa kila mama gredi yake. Sawa, na sijaomba hivyo. Naomba ya kiwanda. Bandika ukutani: tulipeleka kilo ngapi za matunda, zikatoa kilo ngapi za kahawa safi, AA ngapi, AB ngapi, mbuni ngapi, kikombe kilipata daraja gani, kila gredi iliuzwa dola ngapi kwa gunia la kilo 50, na makato yalikuwa yapi.

La pili: mkulima hataelewa. Hebu. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuja somo kwa somo, kuanzia A hadi E, na cucu ndiye aliyeniuliza Hesabu ilienda wapi. Mtu aliyeelewa hilo ataelewa AA. Tena ataelewa jambo ambalo wengi mjini hawajui, kwamba AA ni ukubwa wa punje, si utamu. Punje kubwa inaweza kuwa na kikombe kibovu. Tukinyimwa daraja la kikombe tunabaki kujisifia chekeche.

La tatu: hata wapimaji hukosea. Ni kweli. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ya Honus Wagner, ilipewa 8. Mwaka wa 2013 mfanyabiashara Bill Mastro akakiri kwamba alikuwa ameipunguza kingo ionekane mpya. Wapimaji walidanganywa au hawakuangalia vizuri. Lakini watu waliweza kubisha miaka hiyo yote kwa sababu alama ilikuwa imeandikwa mahali pa wazi. Alama iliyofichwa hata kubishiwa haibishiwi.

Wengine watasema kila kitu kiko kwenye vitabu vya mkutano mkuu. Nimehudhuria huo mkutano. Hesabu zinasomwa kwa kasi juani, kwa Kiingereza cha wahasibu, wazee wakingoja soda. Huko si kumwonyesha mtu hesabu yake.

Kwa hivyo kijana mwenzangu uliyerudi nyumbani, una simu na unajua kusoma jedwali. Nenda kiwandani kwenu. Uliza kwa adabu, kwa maandishi, uweke nakala. Omba gredi za msimu uliopita na daraja la kikombe. Wakikuambia wewe si mwanachama, nenda na aliye mwanachama.

Mimi nitaenda na cucu. Barua tayari nimeiandika, haijafika hata maneno 100, na hii hakuna anayenilipa. Yeye ataweka sahihi, manake ndiye mwenye kahawa.