Kutalii ni Kusoma: Hoja ya Baiskeli katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii imetumiwa mno katika hotuba za utalii nchini Kenya, hata imekaribia kugeuka kaulimbiu. Katika ufuo wa Diani mgeni amekuja kweli, tena kwa zaidi ya nusu karne. Amejengewa hoteli, amepandiwa bustani na kutandikiwa kitanda kinachotazama bahari. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: mwenyeji amepona nini? Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa hesabu ya fedha na ajira. Lakini ipo hesabu nyingine, nayo ni ya maarifa. Kijana aliyezaliwa Ukunda, Kinondo au Msambweni anaweza kuhitimu kidato cha nne bila kuukanyaga msitu wa kaya ulio jirani na kwao, ilhali mgeni wa wiki moja ameongozwa humo, akaelezwa habari zake na kurudi kwao na picha.

Kabla ya kulaumu, ni vyema kulichunguza neno lenyewe. Kitenzi *talii*, kilichozaa *mtalii* na *utalii*, kina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kulitazama jambo kwa makini, kulidurusu, kulisoma. Katika matumizi ya leo maana hiyo imefifia. Mtalii amekuwa mtu mwenye kamera na kofia, aghalabu mgeni kutoka ng'ambo, na mwenyeji anayezuru kwao hapewi jina hilo kabisa, yeye husemwa kuwa "anatembea tu." Hoja ya makala haya ni kwamba mwenyeji ndiye anayestahili kuwa mtalii wa kwanza wa nchi yake, kwa maana ile ya asili, na kwamba katika mwambao wa Kwale chombo kinachofaa zaidi kwa usomaji huo ni baiskeli.

Baiskeli si ngeni Kwale. Ndiyo iliyobeba madafu hadi sokoni, mitungi ya maji hadi nyumbani, samaki kutoka bandarini na magunia ya makaa kutoka bara. Hata jina *bodaboda* lilizaliwa na baiskeli zilizovusha abiria katika mpaka wa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalirithi. Tangu pikipiki zienee mwishoni mwa miaka ya 2000, baiskeli imebaki na sura mbili zisizokutana. Kwa mwenyeji ni alama ya kukosa: huipanda asiye na nauli. Kwa mgeni wa Diani ni alama ya raha: huikodi asubuhi ili apunge upepo. Chombo ni kile kile, na tofauti imo katika macho ya watu.

Na njia ya kusomwa ipo. Msomaji na afikirie safari ya pole isiyozidi kilomita 80, kutoka Msikiti wa Kongo hadi Shimoni. Msikiti huo umesimama kati ya mibuyu, mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, umri wake ni wa karne kadhaa, na hadi leo watu husali ndani yake. Kutoka hapo barabara ya Diani hupita katika masalio ya msitu wa pwani, ambamo mbega huvuka juu ya magari kwa madaraja ya kamba. Madaraja hayo yametundikwa na shirika la uhifadhi lililoanzishwa mwaka 1997 kwa jina la Wakuluzu, na *kuluzu* ni jina la mbega huyo kwa wenyeji. Hilo nalo ni somo: jina la wenyeji lilikuwapo kabla ya vibao vya Kiingereza.

Baada ya Galu msafiri hufika Kaya Kinondo. Kaya ni vijiji vya kale vya Wamijikenda vilivyozungushiwa ngome ya msitu. Historia yake huanzia karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhama. Msitu ukabaki kuwa makao ya mizimu ya wahenga, na wazee wakabaki kuwa walinzi wake. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi ya kaya, Kinondo ikiwa miongoni mwazo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 mila zinazofungamana na misitu hiyo ziliwekwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Neno "dharura" halikuwekwa pale kwa pambo. Msitu unaweza kuzungushiwa ua ukabaki, lakini mila hukaa katika ndimi za watu, na ndimi hizo nyingi ni za wazee.

Kusini zaidi kuna Gazi. Hapo ndipo alipoishi Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza katika miaka ya 1895 na 1896. Ngome yake ya Mwele, katika vilima vya Shimba, ilitekwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alivuka mpaka kuingia katika himaya ya Wajerumani, akaishia uhamishoni. Nyumba yake ya Gazi baadaye iligeuzwa shule. Ni watoto wangapi waliosomea humo wakijua kuwa kuta zile ni ukurasa wa vita? Katika Gazi hiyo hiyo wanawake wamejenga njia ya mbao ya kupita katikati ya mikoko, na tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanahifadhi hekta 117 za mikoko na kujipatia fedha kutokana na hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo. Fedha hizo zimegharamia maji na mahitaji ya shule. Historia ya vita na uchumi wa miti hukaa katika kijiji kimoja, na mtu aliye kasi barabarani haoni chochote isipokuwa kibao.

Kutoka Msambweni kupitia Ramisi hadi Shimoni, kinachobadilika si mandhari peke yake bali lugha pia. Msafiri huacha Chidigo, akasikia Chichifundi katika vijiji vya ufuoni, na akivuka maji kwenda Wasini hukutana na Chivumba. H. E. Lambert alichapisha kitabu kuhusu Chivumba mwaka 1957 na kingine kuhusu Chichifundi mwaka 1958. Wanafunzi wa Kiswahili huyasoma majina ya lahaja hizi katika orodha, huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau. Hali wasemaji wake wapo, wanavua, wanauza na kutaniana katika lahaja zizo hizo, mwendo wa siku moja kutoka kivuko cha Likoni. Safari hukomea kwenye mapango ya Shimoni, yanayokumbukwa kwa habari ya watumwa waliofungiwa humo wakingoja majahazi. Hapo hata mwenye haraka hunyamaza.

Kwa nini baiskeli, wala si matatu? Jibu limo katika mwendo. Aendaye kwa gari huona mahali na hakutani na watu. Aendaye kwa miguu hukutana na watu, lakini jua la Kwale humshinda kabla hajafika mbali. Mpanda baiskeli yuko katikati: anafika mbali, na bado anaweza kuitikia salamu. Akisimama chini ya mwembe kupumzika, ataulizwa atokako na aendako, na katika kujibu atajifunza.

Wapo watakaosema kuwa haya ni anasa ya wenye nafasi. Pingamizi hilo lina uzito, kwani mchuuzi wa samaki aliyenyonga pedeli tangu alfajiri hana hamu ya kunyonga tena jioni kwa ajili ya historia. Lakini tuhuma ya anasa iliwahi kujibiwa kwingine. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 1936 iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo, na wengi wao, wasio na magari, walitoka mijini kwa baiskeli kwenda kuiona nchi yao. Leo njia ya baiskeli ya bonde la Loire, yenye takriban kilomita 900, hupita katika misitu, vijiji na makasri ya kale, na Wafaransa wenyewe wamo miongoni mwa waipitao. Kwao, kuijua nchi kwa mwendo wa pole kulihesabiwa kuwa haki ya mtu wa kawaida. Kwale haihitaji kuiga makasri. Inahitaji kuiga wazo hilo tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kuwamwaga vijana katika misitu mitakatifu ni kuinajisi. Tena zipo kumbukumbu chungu. Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na machafuko kuzuka, jina la Kaya Bombo lilivuma kwa habari za viapo, na kwa muda mrefu kijana aonekanaye karibu na kaya alitazamwa kwa shaka. Jibu haliwezi kutoka chuoni. Liko kwa wazee, nao wamekwisha kulitoa pale Kinondo. Mgeni huongozwa, hujifunga shuka jeusi, hachumi kitu wala hachukui kitu, na haendi asikoruhusiwa. Baiskeli hubaki nje. Kaya ambayo wazee wake hawajaifungua na ibaki imefungwa. Heshima ni sehemu ya somo, na kijana aliyefundishwa kuvua viatu mlangoni pa msikiti hashindwi kufundishwa adabu ya msitu.

Pingamizi la tatu ni la barabara yenyewe. Barabara kuu ya Likoni hadi Lungalunga ina malori na matatu, na mpanda baiskeli husukumwa pembeni kama takataka. Hapa serikali ya kaunti ya Kwale haina budi kuwajibika. Ujia wa baiskeli utamfaa msomaji wa historia siku moja kwa mwezi, na utamfaa mchuuzi wa samaki kila siku. Kwa hiyo hoja ya utalii na hoja ya usalama wa maskini ni hoja moja.

Linabaki jukumu la wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo wa masimulizi ya Waswahili waliosafiri bara, na mmoja wao, Salim bin Abakari, alifika hadi Urusi na Siberia. Ina maana kwamba fasihi ya safari katika Kiswahili ina umri wa zaidi ya karne moja. Inasikitisha basi kwamba mtu akitaka leo kitabu cha kumwongoza kutoka Kongo hadi Shimoni, upesi atakipata cha Kiingereza au Kijerumani kuliko cha Kiswahili. Mwambao uliowalea wasemaji wa lahaja hizi unaelezwa kwa lugha za wageni wake, na wenyeji husimama kando kama sehemu ya mandhari.

Vyama vya Kiswahili vyuoni hufanya makongamano kila mwaka, na mada huwasilishwa ukumbini. Si vibaya. Lakini likizo moja ikitengwa, baiskeli zikaazimwa, wazee wakaombwa idhini mapema na madaftari yakabebwa, yatapatikana majina ya miti, ya mahali na ya watu ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Yaandikwe kwa Kiswahili na kurudishwa katika shule za Kinondo, Gazi na Msambweni, ili mtoto wa huko ayasome kabla mgeni hajaja kumweleza. Mzee anayeyajua hangoji mhula ujao.