Mtambo wa kisasa, umeme wa kubahatisha

Mfanyabiashara anayeagiza mashine ya kufungasha unga au kujaza maji kwenye chupa huuliza bei, kasi na upatikanaji wa vipuri. Ni wachache wanaouliza kompyuta inayoiendesha mashine hiyo itachukua umeme wake wapi. Hapo ndipo mitaji mingi midogo inapovujia.

Kompyuta hiyo, ambayo mafundi huiita PLC, haili umeme mwingi. Nyingi hutumia volti 24 za DC kutoka kwenye pawasaplai ndogo, ambayo kwa kawaida hupokea volti 100 hadi 240. Umeme wa Tanzania ni volti 230 kati ya fezi na nyutro, na 400 kati ya fezi na fezi. Fundi mwenye haraka huvuta fezi moja na nyutro kutoka laini ya mota, akasema kazi imekwisha. Siku nyutro hiyo ikilegea, fezi yenye mzigo mdogo hupanda kuelekea volti 400 na pawasaplai huungua, pengine na kompyuta yenyewe. Mwenye kiwanda hulilaumu shirika la umeme. Mara nyingine lawama ni za haki, lakini nyutro iliyolegea ndani ya kabati lake ni mali yake.

Dawa inajulikana: transfoma ndogo inayochukua fezi mbili na kutoa volti 230, yenye fyuzi zake. Hiyo haitegemei nyutro ya laini. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na siku za uzalishaji zinazopotea kusubiri kompyuta nyingine kutoka nje.

Lipo jambo zito zaidi ya fedha. Upande wa sifuri wa zile volti 24 unapaswa kuungwa na ethi mahali pamoja. Wapo wanaouacha ukielea, eti ni usalama. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha mashine, hakuna fyuzi inayokatika wala anayejua. Ukichubuka wa pili, kontakta inaweza kujivuta yenyewe na mota ikazunguka mkono wa mtu ukiwa ndani. Sifuri ikiwa imeungwa na ethi, mchubuko wa kwanza kwenye waya wenye umeme hukata fyuzi.

Vivyo hivyo kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura. Kisitegemee programu peke yake. Kikate kwa waya umeme unaokwenda kwenye kontakta. Kompyuta yenyewe ibaki ikiwaka ili ionyeshe kilichotokea.

Leseni ya fundi, inayotolewa na EWURA Tanzania na EPRA Kenya, ni ya lazima lakini haitoshi, kwani kuna anayejua nyumba asiyejua mtambo. Mwenye fedha asimalizie malipo kabla ya kujionea jaribio: mashine ikiwa inafanya kazi, swichi kuu izimwe kisha iwashwe. Ikianza yenyewe bila kubonyezwa, kazi irudiwe. Kabati lisifunguliwe kabla swichi kuu haijazimwa na kufungwa kwa kufuli, na penye kifaa cha kubadili kasi ya mota pasubiriwe dakika zilizoandikwa juu yake, maana hubaki na umeme.

Naye mwekezaji anayeombwa kuchangia kiwanda cha namna hiyo, pamoja na vitabu vya hesabu, aombe kuonyeshwa mchoro wa nyaya. Usipokuwepo, apunguze bei ya hisa anazouziwa.