Mikutano ya faragha kuhusu mipaka: jina lifichwe, hoja itoke

KINANIRA, BUJUMBURA – Wafanyabiashara wanaopitisha mizigo Kobero, Mugina na Gatumba wamezoea kuusikia uamuzi kuhusu mpaka ukiwa umekwisha kufanyika. Tangazo la serikali linatoka, geti linafungwa, lori linabaki upande wa pili. Kinachosikika kwa nadra ni mazungumzo yanayotangulia uamuzi huo. Mara nyingi hayo hufanyika katika kumbi za taasisi za utafiti wa sera za nje, ambako mabalozi, maofisa wa serikali, wasomi na wafanyabiashara wachache hukaa meza moja, milango ikiwa imefungwa.

Je, faragha hiyo inamsaidia nani? Na mfanyabiashara anayealikwa aingie na tahadhari gani?

Kanuni inayotumika sana ilizaliwa London mwaka 1927, katika taasisi ya mambo ya nje ya Uingereza inayojulikana kwa jina la jengo lake, Chatham House. Ilirekebishwa mwaka 1992 na tena mwaka 2002. Maana yake ni fupi: aliyehudhuria anaruhusiwa kutumia habari alizozipata, lakini haruhusiwi kutaja nani amesema, anatoka ofisi gani, wala nani mwingine alikuwepo. Kwa hiyo kanuni hii inaficha jina, haifichi hoja. Wapo wanaodhani kwamba ukishatajiwa Chatham House basi umefungwa mdomo kabisa. Sivyo. Mkutano wa siri kamili ni kitu kingine, na mwenye mkutano anapaswa kusema wazi ni upi kati ya hiyo miwili.

Burundi imepitia aina zote mbili, na gharama zake zinafahamika.

Julai 25, 1996, Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi. Siku sita baadaye, Julai 31, viongozi wa kanda walikutana Arusha na kukubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Kwa nchi isiyo na bahari, ambayo mafuta, saruji na mbolea yake hutegemea bandari na barabara za majirani, pigo lilikuwa kubwa. Kahawa na chai zikakosa njia halali ya kutoka. Mafuta yakapanda bei. Wenye malori walioheshimu sheria wakaegesha, na wenye ujasiri wa magendo wakatajirika. Vikwazo hivyo vilisitishwa Januari 23, 1999, baada ya takriban miaka miwili na nusu.

Katika kipindi hicho hicho yalifanyika mazungumzo ya siri kamili. Serikali ya Buyoya na kundi la CNDD walikutana Roma kwa usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na Machi 1997 wakatia saini makubaliano ya mambo ya kuzungumzwa. Habari zilipotoka hadharani mwezi Mei, zilizua hasira kubwa Bujumbura. Wachambuzi wa mambo wanaona pande mbili katika tukio hilo. Bila siri, mahasimu wale wasingekaa pamoja. Lakini siri ilipofichuka, wananchi waliona wamezungukwa, na mazungumzo yakapoteza nguvu. Njia iliyoleta mkataba ilikuwa ile ya Arusha, iliyoanza Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela Agosti 28, 2000. Huko nako milango ilifungwa, ila ilijulikana ni vyama gani vimo ndani na kamati zipi zinajadili nini. Moja ya kamati hizo ilishughulikia ujenzi mpya na maendeleo ya uchumi.

Kati ya siri kamili na mkutano wa hadhara kuna njia ya tatu. Aprili 1998 shirika la utafiti la International Crisis Group lilitoa ripoti kuhusu Burundi ikitaka vikwazo viondolewe na mazungumzo ya amani yaanzishwe upya. Hatuwezi kudai kwamba ripoti hiyo ndiyo iliyoviondoa vikwazo miezi tisa baadaye. Siasa za kanda zina sababu nyingi. Kilicho muhimu ni kwamba hoja iliwekwa mezani, na yeyote, awe waziri au mwenye lori moja, angeweza kuisoma, kuiunga mkono au kuipinga.

Kwa upande wa uchumi, jambo la kuangaliwa zaidi ni bei ya habari. Kanuni inasema mhudhuriaji yuko huru kutumia alichosikia. Chukulia kwamba katika mkutano wa faragha ofisa anadokeza kuwa uhusiano na jirani unazorota na huenda mpaka ukafungwa. Mfanyabiashara aliyemo ukumbini anarudi ofisini, anaelekeza mizigo yake njia nyingine na kujaza bohari. Hajavunja kanuni yoyote. Asiyealikwa anapakia kama kawaida, na lori lake linakwama. Januari 11, 2024, Burundi ilipotangaza kufunga mipaka yake na Rwanda, aliyekuwa na mzigo barabarani hakuwa na muda wa kupanga upya. Habari inayozunguka ndani ya chumba kimoja ni sawa na ruzuku kwa waliomo, na inalipwa na walio nje.

Hata hivyo haifai kuitupa faragha yote. Mfanyabiashara hawezi kusimama mbele ya kamera na kueleza anachotozwa kwenye kizuizi cha barabarani, kisha kesho apite hapo hapo na semi yake. Ofisa wa forodha naye hatakiri hadharani kwamba agizo la wizara yake halitekelezeki. Ukiondoa kinga ya jina, watasema yale ya kwenye hotuba tu, na mtafiti ataondoka na daftari tupu.

Tatizo jingine ni udogo wa miji yetu. Kanuni iliyotungwa London inadhani kwamba ukificha jina, mtu amejificha. Katika mtaa kama Kinanira, ambako jirani anajua lori lako limelala wapi, ripoti ikiandika "msafirishaji wa mafuta anayetumia njia ya Kobero", kazi ya kukutafuta imekwisha. Mwenye kusema ukweli kuhusu rushwa anahitaji zaidi ya kufichwa jina. Anahitaji njia, tarehe na aina ya mzigo vichanganywe na vya wengine.

Kuna pia suala la anayelipia ukumbi. Mwaka 2014 gazeti la New York Times liliandika jinsi serikali za nje, zikiwamo Norway na Qatar, zilivyotoa mamilioni ya dola kwa taasisi za utafiti za Washington. Taasisi hizo zilijitetea kwamba fedha haziamui matokeo ya utafiti wao. Lakini msomaji ana haki ya kujua, kwa sababu jina la msemaji linaweza kufichwa kwa usalama wake, ilhali jina la mfadhili halina sababu hiyo.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, ukipata mwaliko wa namna hii usiukatae, ila uliza kabla ya kukaa. Kwanza, mkutano unafuata kanuni gani, ya kuficha jina au ya siri kamili? Pili, je, muhtasari wa hoja utatolewa kwa umma, lini na kwa lugha ipi? Ripoti ya Kiingereza au Kifaransa pekee haimfikii dereva wa Kigoma wala wakala wa Uvira. Tatu, nani anagharimia? Nne, je, unaweza kusoma sehemu inayotokana na maneno yako kabla haijachapwa? Na inapowezekana, nenda kwa jina la chama chenu cha wasafirishaji au chemba ya biashara, ili hoja iwe ya wengi na mzigo wa kuisema usibebwe na mmoja.

Taasisi nazo zina wajibu. Zikitumia ushuhuda wa watu wa mpakani na kuuacha kabatini, mara ya pili hazitapata wa kusema nazo. Muhtasari wa kurasa mbili bila majina, uliotolewa wiki moja baada ya mkutano, haumhatarishi mtu, na unampa mwenye lori moja nafasi ya kupanga safari yake kama anavyopanga mwenye malori hamsini.